Kichwa kipangwe kabla dawa haijaingia: mlalo wa mgonjwa na njia ya hewa wakati wa nusukaputi

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu nauelekeza hasa kwa wauguzi wa usingizi, matabibu na madaktari vijana wanaotoa nusukaputi katika hospitali za wilaya na mikoa, ingawa mwananchi anayetaka kujua anachofanyiwa mle thieta naye anakaribishwa. Hoja yangu ni moja. Kazi ya kulinda njia ya hewa huanzia kwenye namna mgonjwa alivyolazwa, na mlalo huo unapaswa kukamilishwa, kisha kukaguliwa kutoka ubavuni, kabla dawa haijaingia kwenye mshipa.

Nianze na kinachotokea mwilini. Mtu aliye macho hulinda koo lake bila kujua, kwa sababu misuli ya ulimi, ya koromeo na ya chini ya taya haiachi kazi yake kabisa hata anapolala usingizi wa kawaida. Dawa za nusukaputi huipunguza nguvu hiyo kwa muda mfupi sana, na dawa ya kulegeza misuli huimaliza. Ulimi hurudi nyuma, kaakaa laini hugusa ukuta wa koromeo, kidakatonge (kifuniko cha njia ya hewa) hulala juu ya mlango wa zoloto (kisanduku cha sauti), na hewa haipiti. Wakati huohuo akiba ya oksijeni ni ndogo. Mtu mzima hutumia karibu mililita 250 za oksijeni kila dakika, na hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi ya kawaida hupungua anapolazwa chali, kisha hupungua tena akishapata usingizi. Aliyekuwa akivuta hewa ya kawaida tu huanza kushuka oksijeni baada ya kama dakika moja ya kutopumua. Aliyevutishwa oksijeni tupu kwa dakika 3 hupata dakika kadhaa za nyongeza, lakini mtu mnene sana na mama mjamzito hawapati muda kama huo.

Mlalo hugusa mambo yote hayo. Kiwiliwili kikiinuliwa, tumbo halisukumi kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu) na akiba ya oksijeni huongezeka. Kichwa kikiwekwa sawasawa, nyama laini za mbele ya shingo hunyooshwa, koromeo hufunguka, barakoa hukaa vizuri usoni, na anayeshika laringoskopu, kifaa cha kutazamia ndani ya koo, huona nyuzi za sauti bila kutumia nguvu nyingi.

Mkao unaofundishwa zaidi ni mkao wa kunusa. Ivan Magill, daktari wa usingizi aliyejijengea jina kwa kuwahudumia majeruhi wa uso wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia huko Sidcup, Uingereza, aliueleza mwaka 1936 kwa kumfananisha mgonjwa na mtu aliyeinua uso kunusa hewa ya asubuhi. Ndani yake kuna mienendo miwili inayoelekea pande tofauti: sehemu ya chini ya shingo huinama mbele kuelekea kifuani, na kichwa chenyewe hurudishwa nyuma kwenye kiungo cha juu kabisa cha shingo. Mwaka 1989 Horton na wenzake walijaribu kuyapa mambo haya vipimo, wakapata shingo kuinama nyuzi 35 hivi na uso kurudi nyuma nyuzi 15 hivi. Kwa mtu mzima asiye mnene, mto mgumu wa sentimita 7 hadi 10 chini ya kisogo kwa kawaida hutosha kuleta mwinamo huo wa shingo, na mkono wa mtoa usingizi humalizia kwa kurudisha kichwa nyuma.

Hakuna anayebeba kipimapembe thieta, kwa hiyo alama ya kutumia ni hii: tundu la sikio liwe kwenye mstari mmoja mlalo na kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari, na uso uelekee dari. Alama hiyo hufaa kwa mwembamba, kwa mnene, kwa mama mjamzito na hata kwa mtoto, ila vifaa vya kuifikia ndivyo vinavyobadilika. Ukisimama kichwani mwa kitanda, mahali tunaposimama sote, huwezi kuuona mstari huo. Unaona paji la uso na pua, na kila kichwa huonekana kimekaa vizuri. Lazima utoke, uzunguke ubavuni, uiname kidogo hadi jicho lako lilingane na kitanda, ndipo utakapogundua kwamba sikio liko vidole vinne chini ya kidari. Asiyetaka kuzunguka amwombe muuguzi aliye ubavuni amwangalizie, mradi muuguzi huyo ajue anatafuta nini.

Karibuni tujadiliane.

Tabibu wa Kanda

Mkuu, nakushukuru kwa uzi huu, lakini naomba nipinge kidogo. Tulifundishwa kwamba mkao wa kunusa hulinganisha mihimili mitatu, yaani wa kinywa, wa koromeo na wa zoloto, hadi ikawa mstari mmoja. Baadaye nikasoma kwamba Adnet na wenzake, huko Ufaransa, waliwapiga watu wenye afya picha za sumaku (MRI) mwaka 2001 wakakuta mihimili hiyo hailingani katika mkao wowote ule. Mwaka huohuo walitoa matokeo ya wagonjwa 456 wa upasuaji wa kupangwa, na mkao wa kunusa haukuonyesha faida juu ya kurudisha tu kichwa nyuma bila mto. Kama ndivyo, kwa nini tuendelee kuwasumbua vijana na mito? Mimi kwa wagonjwa wengi hutoa mto, hurudisha kichwa nyuma, na tyubu ya kupitishia hewa huingia.

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Tabibu, umesoma vizuri na sitakupinga katika nadharia. Maelezo ya mihimili mitatu yalitolewa na Bannister na Macbeth mwaka 1944, wakati laringoskopu ya Macintosh, iliyoelezwa mwaka mmoja kabla yake, ilikuwa bado ngeni, na kizazi baada ya kizazi kiliyakariri kwa sababu mchoro wake ni rahisi kuuchora ubaoni. Picha za sumaku zimeonyesha kwamba mchoro ule haupatikani ndani ya mtu. Wako waliopendekeza maelezo mengine, mmojawapo Greenland, anayeitazama njia ya hewa kama mikunjo miwili: wa kwanza unatoka kinywani hadi koromeo, wa pili unatoka koromeo kuingia kwenye bomba la pumzi. Kwa maelezo hayo, kazi ya mto ni kuupunguza mkunjo wa pili, na kurudisha kichwa nyuma pamoja na ubapa wa laringoskopu hushughulikia ule wa kwanza. Mimi naona maelezo haya yanakaribiana zaidi na kile mkono unachokihisi.

Lakini utafiti wa wale wagonjwa 456 usomwe hadi mwisho. Watafiti wenyewe waliona kwamba mkao wa kunusa uliwasaidia makundi mawili: wagonjwa wanene na wale ambao kichwa hakirudi nyuma vya kutosha. Hao ndio wanaotutoa jasho. Mgonjwa mwembamba mwenye shingo laini atakusamehe karibu mlalo wowote, na ukijizoeza kwa huyo, mkono wako hautakuwa na mazoea ya kuweka mto siku atakapoletwa mama wa kilo 110 saa nane ya usiku.

Jambo la pili ni kwamba mlalo hauhusu kuona nyuzi za sauti tu. Mwaka 2005 Isono na wenzake, huko Japani, walionyesha kwamba mkao wa kunusa hulifanya koromeo lisijifunge upesi kwa wagonjwa walio chini ya nusukaputi ambao hukatika pumzi wakilala. Kwa hiyo hata ambaye hana haja ya kuingiza tyubu, anayetaka kupuliza kwa barakoa tu, anafaidika. Huko vijijini ambako laringoskopu ya video haipo, uwezo wa kupuliza kwa barakoa ndio unaomlinda mgonjwa wakati unafikiria hatua inayofuata.

Tena kurudisha kichwa nyuma bila mto hakukuanza leo. Chevalier Jackson wa Marekani alikuwa akifundisha hivyo mwaka 1913, kichwa kikiwa kimelala bapa mezani. Ni njia halali. Ninachokataa ni kuichukua kwa sababu tu mto haukuwa karibu.

Sista Thieta

Nawasalimu wote. Mimi ni muuguzi wa usingizi katika hospitali ya wilaya, na kwetu mito ile maalumu ya mteremko, ya kuinua kifua na kichwa kwa pamoja, haipo. Kitanda chetu cha upasuaji hakikunji mgongo tena, na daktari wa upasuaji anataka mama alale bapa kwa sababu anasema mteremko unamharibia kazi. Naomba mtuelekeze kwa vitendo. Mama mnene wa upasuaji wa kujifungua, ganzi ya mgongo imeshindikana au haifai, inabidi nusukaputi. Nianzie wapi?

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Dada, umegusa penyewe. Kwa mama mjamzito uwezekano wa kushindwa kuingiza tyubu ni mkubwa kuliko kwa wagonjwa wengine: mapitio ya Kinsella na wenzake ya mwaka 2015 yalikuta kushindwa mara 1 katika kila nusukaputi 390 za wajawazito. Matiti huwa yamejaa, koo limevimba kidogo, oksijeni hushuka upesi, na tumbo halihesabiwi kuwa tupu. Huyu hatakiwi kulazwa kwa kubahatisha.

Mteremko hujengwa kwa shuka na mablanketi, na ni bora ujengwe kabla mama hajapanda kitandani kuliko baada. Kunja mablanketi mawili kwa upana wa kitanda na uyalaze yaanzie usawa wa ncha za chini za mifupa ya mabega yake, au katikati ya mgongo kama ni mnene zaidi. Juu yake weka blanketi la tatu lianzie mabegani. Juu kabisa weka shuka zilizokunjwa mara nyingi kwa ajili ya kichwa peke yake. Ngazi hizo tatu zifunikwe kwa shuka moja iliyokazwa pande zote mbili, la sivyo zitateleza na kuachana mama anapojisogeza. Akishalala juu yake, utaona kifua kimepanda, kichwa kimepanda zaidi ya kifua, na matiti yameshuka kuelekea tumboni badala ya kuja kidevuni. Nafasi ya mpini wa laringoskopu kuingia bila kugonga kifua inapatikana hapo.

Sasa zunguka ubavuni. Sikio likiwa bado chini ya kidari, ongeza shuka za kichwani. Likiwa sawa lakini kidevu kimebanwa kifuani, umeinua kichwa bila kuinua mabega, na hilo ni kosa linalojitokeza sana: watu hurundika mito chini ya kichwa peke yake, shingo ikakunjika, na koromeo likajifunga kwa juhudi zao wenyewe. Toa mto mmoja, uuhamishie mabegani.

Kuna jambo ambalo miongozo ya wenzetu hailitilii maanani na sisi tunalikuta kila siku, nalo ni nywele. Rasta zilizofungwa fundo kisogoni, wigi, au kilemba kilichokunjwa nyuma ya kichwa huzuia kichwa kurudi nyuma hata mlalo uwe mzuri namna gani. Mwombe mama afungue fundo au alihamishie utosini au ubavuni akiwa bado macho. Ukingoja hadi alale, utakuwa unapapasa nywele huku namba za oksijeni zinashuka.

Baada ya hapo ndipo uinamishe kitanda kidogo kushoto, au uweke kabari chini ya nyonga ya kulia, ili mji wa mimba usikandamize mishipa mikubwa ya damu. Nyuzi 15 ndicho kiwango kinachofundishwa. Mama aliye juu ya mteremko na aliyeinamishwa ubavu huweza kuteleza, kwa hiyo mkanda ufungwe. Halafu oksijeni tupu kwa barakoa iliyobana vizuri kwa dakika 3, mteremko ukiwa tayari. Mwaka 2005 Dixon na wenzake waliwapima watu wanene sana waliovutishwa oksijeni wakiwa wameinuliwa nyuzi 25, wakalinganisha na waliolala bapa: wa kwanza walikaa wastani wa sekunde 201 kabla oksijeni haijashuka hadi asilimia 92, wa pili sekunde 155. Mwenye kazi hii anajua sekunde 46 ni nyingi kiasi gani.

Ama daktari wa upasuaji, mweleze kabla ya kuanza kwamba mteremko ni wa dakika za kuingiza tyubu. Tyubu ikishathibitishwa na kufungwa, shuka za juu huweza kutolewa na mama akashushwa, ingawa mimi hupenda kuziacha hadi mwisho kwa sababu atazihitaji tena wakati wa kuamka. Hoja hii izungumzwe wakati wa kupitia orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ambayo tangu 2008 ina swali kuhusu njia ya hewa ngumu kabla ya usingizi.

Tabibu wa Kanda

Nakubali kuhusu wanene, na ninajua utafiti wa Collins wa 2004 uliofanywa kwa wagonjwa 60 wenye unene wa kupindukia, ambako mteremko uliwapa watoa usingizi mwono bora kuliko mkao wa kunusa wa kawaida. Hata hivyo mwaka 2017 Semler na wenzake walitoa matokeo ya wagonjwa 260 mahututi, na mteremko haukuzuia oksijeni kushuka, tena mwono ukawa mbaya zaidi. Tusije tukaugeuza mteremko kuwa dawa ya kila kitu.

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Ni kweli, na ni vizuri umelileta. Utafiti ule unahusu wodi za wagonjwa mahututi, si thieta, na wengi wa wagonjwa wale hawakuwa wanene kiasi kile. Mteremko wao ulipatikana kwa kuinua sehemu ya mgongo ya kitanda nyuzi 25, na godoro la wodi ni laini, mwili huzama. Kuinua mgongo hakumaanishi sikio limefika kwenye usawa wa kidari. Ninachokiona ni kwamba nyuzi za kitanda zisichukuliwe kuwa lengo. Mtu mwembamba ukimpandisha juu ya mteremko uliojengewa mnene, utapitiliza kipimo, uso wake utatazama miguu, na utalazimika kusimama juu ya kigoda ili uone ndani.

Na mlalo uwe jambo la kurekebishwa hata katikati ya kazi. Ukiingiza laringoskopu na usione kitu, kabla ya jaribio la pili badilisha kitu: inua kichwa kwa mkono wa kulia, mwombe msaidizi akishikilie pale ulipoona vizuri, au sukuma zoloto kwa nje nyuma, juu na kulia. Kurudia jaribio lilelile katika mlalo uleule ni kuumiza koo bure. Mwongozo wa Uingereza wa 2015 kuhusu njia ya hewa ngumu huruhusu majaribio 3, na la 4 likiwa la mtu mwenye uzoefu zaidi, na kati ya majaribio hayo mgonjwa hupulizwa oksijeni.

Mwanafunzi wa Usingizi

Naomba kuuliza kuhusu watoto. Wodini nimeona wakiwekewa kitambaa mabegani badala ya mto kichwani, na mwalimu wetu hakutoa sababu.

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Mtoto mchanga ana kisogo kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Mlaze bapa bila chochote na kisogo chenyewe kitainamisha shingo mbele, yaani amezaliwa na mto wake. Ukimwongezea mwingine, kidevu hugusa kifua na hewa hukatika. Kwa sababu hiyo huwekewa kitambaa chembamba kilichoviringishwa chini ya mabega, ili kisogo kipate mahali pa kushukia na uso uelekee dari. Kipimo ni kilekile: tundu la sikio na kishimo cha kidari viwe usawa mmoja. Angalia kitambaa kisiwe kinene, maana shingo ya mtoto ikirudishwa nyuma kupita kiasi, njia ya hewa hujifunga vilevile. Kichwa chake pia huviringika ubavu kwa ubavu, hivyo pete ya pamba au kitambaa kilichozungushwa kama kata ya kubebea maji hukituliza. Kadiri anavyokua, hasa baada ya miaka miwili, kitambaa cha mabega hakihitajiki tena, na mtoto mkubwa hufuata njia ya mtu mzima kwa mto mdogo.

Mtoto mwenye ugonjwa wa Down usimkunje wala kumrudisha shingo kwa nguvu, kwa sababu viungo vya pingili mbili za juu za shingo yake huweza kuwa vimelegea.

Daktari wa Zamu

Kwetu ajali za bodaboda ndizo nyingi. Mgonjwa ana kolla ya shingo, hatujui kama pingili zimevunjika, na picha hazijapigwa. Mlalo wa kunusa hapo unakuwaje?

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Hapo mlalo wa kunusa hauruhusiwi, Daktari. Shingo inabaki ilipo, na ugumu wote unahamia kwenye vifaa na mikono. Msaidizi mmoja hushika kichwa kwa mikono miwili, viganja vikiwa ubavuni mwa kichwa na vidole vikishika nyuma ya masikio na kisogo, azuie kichwa kisisogee bila kukivuta. Akishashika, sehemu ya mbele ya kolla hufunguliwa, kwa kuwa kolla iliyofungwa huzuia kinywa kufunguka. Njia ya hewa hufunguliwa kwa kusukuma taya mbele, kichwa kisirudishwe nyuma. Mwono utakuwa mbaya na ukubaliwe hivyo: ukiona ncha ya kidakatonge pekee, pitisha bugi (kijiti chembamba cha kuongozea tyubu) chini yake kisha telezesha tyubu juu ya bugi. Penye laringoskopu ya video, itumike. Hata hivyo kiwiliwili bado huweza kuinuliwa kwa kuinamisha kitanda chote, kichwa juu na miguu chini, bila pingili kukunjika, na akiba ya oksijeni ikaongezeka, mradi shinikizo la damu linaruhusu.

Mama Wawili

Samahani wataalamu, mimi si wa fani yenu. Dada yangu atafanyiwa upasuaji wa rovu mwezi ujao. Jirani yetu aliyefanyiwa upasuaji kama huo alilalamika maumivu ya shingo nyuma, si kwenye kidonda, kwa siku nyingi. Je, hiyo inatokana na kulazwa vibaya? Na dada yangu aseme nini kwa daktari wa usingizi?

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Mama, karibu sana, na dada tunamwombea heri. Upasuaji wa rovu hudai shingo irudishwe nyuma kwa muda wote wa kazi, kifurushi kikiwa chini ya mabega na kichwa kikiwa kwenye pete. Maumivu ya kisogoni na nyuma ya shingo baada yake hutokea hata kwa mgonjwa aliyelazwa vizuri, na kwa kawaida huisha. Dada yako aeleze mapema kama ana maumivu ya shingo ya zamani, kama mikono hufa ganzi, kama ana baridi yabisi ya viungo, kama hukoroma na kushtuka usingizini, na kama hupata shida ya kupumua akilala chali. Hili la mwisho lisifichwe hata kidogo, kwa kuwa rovu kubwa huweza kulibana bomba la pumzi. Daktari huenda akamwomba, akiwa macho, alale jinsi atakavyolazwa thieta, aone kama anapata kizunguzungu au ganzi. Afike na nywele zisizo na fundo kisogoni.

Kwa wataalamu, mgonjwa huyu ana mlalo wa aina mbili na kuna hatari katikati yake. Tunamwingizia tyubu akiwa katika mkao wa kunusa, kisha tunatoa mto, tunaweka kifurushi mabegani na kurudisha kichwa nyuma. Tyubu hufuata kidevu. Conrardy na wenzake walipima mwaka 1976 kwa watu wazima wakakuta kwamba shingo ikiinamishwa, ncha ya tyubu hushuka wastani wa sentimita 1.9, na ikirudishwa nyuma hupanda kiasi hichohicho. Tyubu iliyofungwa ikiwa imeingia kwa kuponea chupuchupu wakati wa kunusa huweza kuwa imefika kwenye nyuzi za sauti baada ya kichwa kurudishwa nyuma, na iliyowekwa ndani mno huweza kuingia pafu la kulia mgonjwa anapoinamishwa shingo. Kwa mtoto mchanga, ambaye bomba lake la pumzi lina urefu wa sentimita 4 hadi 5 hivi, hakuna nafasi ya kukosea. Kwa hiyo kila kichwa kinapohamishwa, sikiliza mapafu yote mawili upya, tazama alama ya tyubu kwenye meno na mstari wa kaboni dayoksaidi kwenye mashine. Fanya hivyo kabla shuka za kijani hazijafunika uso, kwa maana baada ya hapo utakuwa unafanya kazi kwa kupapasa.

Kichwa kisigeuzwe upande kupita mahitaji pia. Shingo iliyopindwa sana huvuta mishipa ya fahamu ya bega na huzuia damu kurudi kutoka kichwani. Na katika kazi ndefu, kisogo kilicholalia sehemu moja kwa saa nyingi huweza kupata kidonda au nywele zikanyonyoka hapo, hivyo kiinuliwe kidogo kila baada ya muda.

Afisa wa Kliniki

Salamu kutoka Kenya. Ningependa kuongeza kuhusu kutoa tyubu. Watu hujitahidi sana kupanga mlalo mwanzoni, halafu mwishoni mgonjwa mnene anatolewa tyubu akiwa bapa kabisa kwa kuwa kazi imekwisha na kila mtu anataka kuondoka. Sisi huwa tunamrudisha kwenye mteremko, kichwa juu, anavutishwa oksijeni tupu, anafungua macho na kufuata maagizo, ndipo tyubu itoke. Akikwama hewa papo hapo, mlalo wa kumwingizia tena upo tayari.

Fundi Usingizi (mleta uzi)

Nakubaliana nawe kabisa, na ndiyo maana nilimshauri Sista asizitoe shuka mapema. Ningeongeza kwamba asafirishwe kwenda chumba cha kuamkia akiwa bado ameinuliwa, na mhudumu anayesukuma machela aelezwe asiishushe ili ipite mlangoni. Mgonjwa ambaye bado ana usingizi mzito na tumbo lake halikuwa tupu ana mlalo wake tofauti, wa ubavu, kidevu kikiwa mbele, na huo una mambo mengi ambayo hayatoshi hapa. Nitaufungulia uzi wake nikipata nafasi wiki hii.